Nani Ameonja Maji ya Kaiza?

Ninyi mnaobaki kazini pale nyumba ya wageni Makambako mmeniuliza mara nyingi habari za lile bakuli jeupe la kauri lililo juu ya kabati la jikoni, zito kama jiwe la kusagia, ambalo nimewakataza kutia unga, mayai wala funguo za vyumba. Nilikuwa nawajibu kwamba nitawaeleza nikistaafu, nikitumaini mtasahau. Sasa nimestaafu, goti la kushoto limegoma, na mke wangu amesema kama sina kazi nikamchambulie maharage. Kwa hiyo naandika.

Sitazungumzia vyeo. Nilipata viwili, na cha pili kilikuwa kile kile cha kwanza kilichobadilishwa jina. Nitazungumzia kazi yangu ya mwanzo, iliyonifundisha nyingine zote zilizofuata, nayo ilikuwa kumnywesha maji mbwa wa Bwana Soksi.

Bwana Soksi alikuwa Mwingereza, meneja wa shamba la miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi, nje kidogo ya Njombe, miaka ile baada ya vita vya pili. Tulimwita hivyo kwa sababu ya soksi zake ndefu, alizovaa hata akiwa na taulo tu kiunoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu wake mkubwa ulikuwa wa vyombo. Vyake vilikaa kabatini. Vyetu sisi watumishi vilikuwa vikombe vya bati vilivyoning'inizwa nje ya jiko, kila mtu na msumari wake. Siku moja alimwona mpishi ameshika glasi yake kwa ukingo badala ya kitako. Akaamuru glasi ichemshwe. Ikachemshwa kama kiazi, ikapasuka, na mpishi akalaumiwa kwa kuipasua.

Mpishi huyo alikuwa Mzee Kabelege wa Mdandu, ndiye aliyenifunza kazi. Alinifundisha kutembea bila kusikika, kunyoosha kola kwa pasi ya mkaa, na kusema "Ndiyo, Bwana" kwa sauti mbalimbali, mojawapo ikiwa na maana ya hapana. Ujanani aliwahi kuwabebea Wajerumani mizigo, na hapo ndipo palipokuwa na taabu yake. Bwana, kwa mzaha ambao Waingereza peke yao waliuelewa, alikuwa amempa mbwa wake jina la Kaiza, kama yule mfalme wa Wajerumani. Kila Bwana alipoita "Kaiza!" kutoka barazani, Mzee Kabelege aliweka mwiko chini na kusimama wima, mikono mapajani. Kisha alikumbuka, akauchukua mwiko tena akiwa amenuna.

"Miguu imezoea, mwanangu," aliniambia. "Kichwa hakihusiki."

Nilicheka sana wakati ule. Baadaye nilikuja kunyamaza.

Siku yangu ya kwanza nilitoka kwetu Kifanya alfajiri, shati limenyooshwa, nimeoa karibuni, nikidhani nimeitwa kutunza bustani. Nikakuta barazani kiumbe chenye urefu wa ndama aliyeacha kunyonya, masikio yamesimama, mate yanadondoka kama dari inayovuja. Kaiza alikuwa ameshushwa kwenye lori asubuhi ile ile kutoka pwani, na alikuwa na kiu. Bwana alinionyesha karai kwa kiko chake.

"Kazi yako ni maji ya mbwa. Safi. Siku zote."

Nilileta maji. Mbwa akanitazama. Nami nikamtazama, nikaona meno yake yanatosha watu wa nyumba nzima. Hapo nikafanya jambo ambalo mama yangu angenipiga kofi kama nisingelifanya. Niliinua karai, nikaonja, ndipo nikamwekea. Ninyi mliotoka mbali na huku mjue kwamba kwetu mtu hakupi kinywaji, kiwe ulanzi, togwa au maji matupu, bila kuonja mbele ya macho yako, ili ujue hakuna sumu wala kinyongo. Mtu akikupa bila kuonja, unakishika tu chombo, unazungumzia mvua, na baadaye unakumbuka una safari.

Kaiza aliona nilivyoonja. Akanywa karai zima, akaniegemea kwa uzito wake wote, nikaanguka. Urafiki wetu ulianzia pale. Tangu siku ile sikumwekea maji bila kuonja, lakini sikujua kwamba naonja, kama vile ninyi hamjui ni mguu gani mnatanguliza kuvuka kizingiti. Mngeniuliza kazi yangu ina hatua zipi, ningewaambia kuosha, kujaza na kuweka kivulini. La kuonja lisingenijia.

Badala yake nilijiona bingwa wa mabakuli. Karai lile la bati lilikuwa jepesi mno, Kaiza alilisukuma kwa ulimi mpaka likashuka ngazi. Sufuria ilikuwa na kina kirefu, maji yakamwingia puani akapiga chafya jikoni kwenye supu. Debe lilimkata midevu. Ndoo ya zinki huacha ladha maji yakikaa, na shaba, msipoisugua kwa majivu na limau, hugeuka kijani. Mwishowe Bwana alitoa kwenye kabati lake hilo bakuli la kauri, pana, zito, lenye kitako kikubwa kuliko mdomo. Lilikuwa la kutia matunda mezani. Hilo halikuteleza, na maji yake yalibaki baridi. Niliosha kila asubuhi, maana mbwa mkubwa huacha utelezi ambao sitauelezea, mnakaribia kula. Kwa hiyo hali ya vyombo nyumbani mle ilikuwa hivi: mbwa alikunywa kwenye kauri, mimi kwenye bati, na kila mmoja wetu alikuwa na mahali pake.

Ikawa hivyo kwa misimu kadhaa, mpaka jino langu lilipooza.

Ulikuwa wakati wa baridi, na mnaijua baridi ya Njombe, majani yameganda sakitu asubuhi kama mtu amemwaga chumvi. Jino liling'olewa kwenye zahanati ya misheni na mganga mwenye mikono ya kupasulia kuni. Nikarudi kazini taya limevimba, nimefungwa kitambaa kichwani kama mzigo. Maji baridi yakigusa lile pengo, niliona nyota mchana. Nikawa nakunywa uji vuguvugu tu, kwa upande mmoja wa mdomo.

Na Kaiza akaacha kunywa.

Wenye akili mmekwisha kuelewa. Sisi hatukuelewa. Nilimwekea bakuli asubuhi, akanitazama usoni, akasubiri, akalala. Nilimwaga, nikaosha, nikajaza tena. Alisubiri tena. Alinisubiri kwa adabu kabisa, macho yanafuata mdomo wangu, nami nikadhani anashangaa uvimbe.

"Kwa nini yeye hanywi?" akauliza Bwana.

"Labda amechoka na bakuli, Bwana," nikajibu, bingwa wa mabakuli.

Jibu hilo ndilo lililotupeleka pabaya. Vyombo vyote vya kabatini vikapangwa barazani, vya supu, vya saladi, vya kunawia, na chungu kimoja kilichonunuliwa sokoni. Kaiza alipita akivinusa kimoja kimoja kama afisa anayekagua gwaride, akarudi kukaa mbele yangu. Nilijaribu kumlowesha ulimi kwa kitambaa. Akageuza uso, kama mtu aliyevunjiwa heshima.

Bwana mifugo akaitwa. Akampima Kaiza kwa utepe kutoka chini hadi kifuani, akasema mbwa wa kimo kile huumia shingo akiinama, bakuli liinuliwe. Neno lake halikuwa la kipuuzi, na mpaka leo mbwa mrefu mzee huwa namwinulia chombo chake. Seremala akatengeneza meza ndogo ya mbao yenye tundu la bakuli. Kaiza aliipenda sana meza ile. Aliweka kidevu ukingoni, pembeni ya maji, akasinzia.

Ndipo Bwana aliposoma kwenye gazeti lake kwamba mbwa hupenda maji yanayotembea. Fundi bomba akaja na pipa la mafuta, akalipandisha kwenye jukwaa la magogo, akashusha bomba hadi kwenye beseni la zege mbele ya nyumba, na maji yakaruka juu kama mtu anayetema mate kwa majivuno. Njombe haikuwa imewahi kuona kitu kile. Jumapili baada ya ibada watu walikuja na nguo zao za kanisani kukitazama. Akina mama wakauliza kama wanaweza kukinga. Bwana akaruhusu wakinge, ila akakataza kwa ukali mtu yeyote asikinywee pale pale, maana ni chombo cha mbwa. Watu wakasimama kukizunguka, vinywa vimefungwa, na katikati yao Kaiza, kinywa kimefungwa vilevile. Usiku wa pili bomba likaganda na kupasuka. Asubuhi tukakuta nguzo ya barafu mlangoni, na Mzee Kabelege akaivunja vipande akavitumia kupoza siagi.

Mbwa alikuwa amedhoofu sasa, akiponea unyevu wa nyama yake tu. Ngozi ya mgongoni ukiivuta haikurudi haraka, ulikaa mkunjo. Pua ilikuwa kavu kama ganda la muwati. Nilimpenda yule mbwa, nasema wazi, na nilikuwa nikienda nyuma ya jiko kufuta macho, huku nikisingizia jino.

"Tumpeleke Ruhuji," Bwana akasema. "Bakuli kubwa kuliko mto hakuna."

Tukashuka mtoni, Bwana, mimi, Kaiza akipepesuka, na Mzee Kabelege aliyebeba chakula cha Bwana. Kaiza akafika ukingoni, akautazama mto wote wa Ruhuji unavyopita, akakaa chini. Alikuwa anasubiri. Bwana akamwonyesha maji kwa kidole, kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba chake. Hakuna. Mzee Kabelege, aliyekuwa amechoka kubeba, akatua kikapu, akainama, akachota kwa kiganja akanywa. Papo hapo Kaiza akanyanyuka, akaingia majini mpaka magotini, akanywa, akanywa, akanywa.

Tulishangilia. Tulikubaliana kwa kauli moja kwamba ni maji ya mtoni. Jioni madebe yakapandishwa vichwani kutoka Ruhuji, na Kaiza akayakataa yote. Kesho yake tukamrudisha mtoni. Safari hii mzee alibaki jikoni na mkate. Kaiza alikaa ukingoni mpaka tukasikia baridi. Bwana aliutazama mto kwa mashaka, kama kwamba mtu ameubadilisha.

Kurudi kwetu Kaiza alianguka njiani, tukambeba kwenye machela ya magunia. Bwana alitutangulia nyumbani. Akaingia ndani, akatoa bunduki kabatini, akaisafisha, akaiegemeza kwenye mlango wa baraza.

"Sitaki afe pole pole," akasema. "Tutasubiri mpaka kesho asubuhi."

Mchana ule ule alikuja mke wangu Agnesi kutoka Kifanya, na kibuyu cha togwa ya vuguvugu kwa ajili ya taya langu. Alimkuta Kaiza amelazwa mlangoni pa jiko, ulimi nje. Akatusalimu "Kamwene," tukaitika bila nguvu. Akachukua kikombe changu msumarini, akamimina, akaonja, akanipa.

Sikuwahi kukifikisha mdomoni. Kichwa kikubwa kiliingia katikati yetu, kinatetemeka, na Kaiza akanywa togwa yangu yote mpaka kikombe kikamkwama puani.

Agnesi alimtazama, akanitazama mimi.

"Baba Neema, nani humwonjea huyu maji yake?"

"Hakuna anayemwonjea, mama. Huyu ni mbwa."

"Nani amemlea?"

"Mimi."

"Na wewe nani alikulea?"

Nikashika taya langu lililofungwa.

"Mnampa maji kama mnamwagia mchicha," Agnesi akasema, "halafu mnashangaa hanywi. Huyu ana adabu zake."

Mzee Kabelege aliweka mwiko chini taratibu. "Mdomo umezoea, mwanangu," akasema. "Kichwa hakihusiki."

Nilijaza bakuli la kauri. Nikafungua kitambaa, nikainua, nikanywa funda kubwa. Maumivu yalipanda mpaka kwenye unyayo, kama hilo linawezekana. Nikaliweka chini. Kaiza akalimaliza, nikajaza, nikaonja tena huku machozi yananitoka, akamaliza tena. Bwana alisikia ule mlio wa ulimi, akaja mbio na soksi moja imeshuka, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Lile lile bakuli?" akauliza. "Limewekwa upande gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Alifurahi, akakunja uso, kisha rangi yake ikabadilika.

"Kwa hiyo miaka yote hii mbwa wangu amekuwa akinywa mate yako?"

"Ndiyo, Bwana. Kidogo."

Akasimama akimtazama Kaiza kwa muda mrefu. Mzee Kabelege aliniambia baadaye kwamba alikuwa anatafuta moyoni sufuria ya kumtosha.

Hakumchemsha. Alirudisha bunduki kabatini, na jambo lile halikuzungumzwa tena, ila wageni walipokuja kula niliagizwa nimwonjee mbwa nyuma ya nyumba. Kuhusu Bwana mwenyewe kuonja, hilo hata halikutajwa.

Halafu Bwana akahamishiwa shamba jingine, kaskazini kabisa, safari ya siku nyingi kwa lori. Mimi sikuweza kwenda, nilikuwa na mke, mtoto na mashamba Kifanya. Nilimuuliza nani atamwonjea Kaiza.

"Huko watapatikana watu," akajibu.

"Na njiani, Bwana?"

Akamtazama dereva. Dereva alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu safi. "Bwana, mimi nitaendesha mpaka unapotaka," akasema, "lakini huyo hata mkia wake nisiuguse." Tukaondoka bila kulimaliza jambo lile. Niliambiwa niwasindikize hadi Makambako.

Makambako ya wakati ule hamngeitambua. Palikuwa na njia panda, maduka machache, na upepo huu huu mnaoufagia kila siku bila kuumaliza. Kaiza alikuwa amesimama nyuma ya lori njia nzima, mdomo wazi, akila vumbi. Tulipomshusha alihema kama mvukuto. Nikaomba maji dukani, nikajaza bakuli la kauri. Wasafiri, wauza mahindi na vibarua wa barabara wakajongea, kwa sababu mbwa yule popote alipo ni sinema.

Nikainua bakuli. Kisha nikalishusha.

"Bwana," nikasema, "mimi ndio naishia hapa."

"Onja," akaamuru.

"Nikionja mimi atakunywa leo. Kesho je?"

Alielewa. Nilimwona akiwatazama wale watu wote, mmoja mmoja, kama anayetafuta mlango. Kaiza naye alikuja akakaa mbele yetu, akiangalia mdomo wangu, akiangalia mdomo wa Bwana. Dereva akajifanya anakagua tairi. Bwana akavua kofia, akalichukua bakuli kutoka mikononi mwangu, akaliinua hadi usoni, akalishusha haraka, akaliweka chini.

Kaiza hakugusa.

"Bwana," nikamnong'oneza, "umelowesha sharubu tu."

Bwana Soksi akapiga goti kwenye vumbi la Makambako, soksi na vyote. Akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa kweli, tuliona koo likishuka. Mama mmoja muuza mahindi akasema "Ehe," kama mtu aliyeona mtoto wake ameamkia vizuri.

Kisha akakosea. Badala ya kumwekea mbwa, aligeuka akanipa mimi bakuli, kwa mikono miwili, kama alivyoniona nikifanya. Labda alidhani chombo lazima kizunguke kwa umri. Labda hakudhani hivyo. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sijapata la kuongeza. Nilikuwa nimemtumikia muda wote ule, na kikombe changu hakikuwahi kulala ndani ya nyumba yake.

Nikanywa baada yake. Yalikuwa maji ya Makambako, yana mchanga. Nikaliweka chini, na Kaiza akanywa mpaka ulimi ukasikika ukikwaruza kauri. Nililia mbele ya watu, na sisingizii upepo.

Lori lilipowashwa nikamkabidhi Bwana bakuli. Akalirudisha.

"Baki nalo," akasema. "Kumbe halihusiki."

Ndiyo hilo hapo juu ya kabati. Akija mgeni na mbwa mkubwa, lishusheni, lisugueni, litieni maji ya baridi, liwekeni kivulini mbali na chakula. Onjeni kabla ya kuliweka. Na kama mwenye mbwa yupo karibu, mpeni yeye aonje kwanza, na msipokee bakuli mpaka mmeona koo likishuka.